Nyasi za Heshima

Nyinyi vijana mnaonizunguka baada ya misa mkisema, Tonton Féli, tueleze mambo ya kazi yako, kwanza niacheni nifike nyumbani nivae kandambili. Mimi ni mtu wa nyumba. Nilitoka Lubumbashi nikafika Brussels, na baada ya safari hiyo niliona nimeshasafiri, inatosha. Kuna watu hapa Schaerbeek wanaodhani nilikufa zamani kwa sababu hawanioni kwenye sherehe. Mke wangu, Béatrice, huwajibu kwamba sijafa, nimekaa tu, na kwa mujibu wake tofauti si kubwa.

Hata kazi niliyopata ilikuwa ya kukaa. Nilisoma hadi sekondari, upande wa umeme, kwa mapadri, nikaja huku nikiamini nitatengeneza redio. Badala yake niliketi nyuma ya kioo, katika chumba kidogo kama choo cha treni, nikifungua na kufunga mikro, yaani maikrofoni, za waheshimiwa wa baraza la commune moja, manispaa moja, ya mji huu. Ipi? Hiyo inabaki mfukoni mwangu. Kila mheshimiwa alikuwa na mikro yake mezani. Mwenyekiti akimpa mtu nafasi, mimi nawasha. Muda ukiisha, nazima. Ndiyo kazi yote. Mtoto wa miaka minne angeiweza, ila mtoto wa miaka minne asingevumilia kusikiliza.

Aliyenifundisha alikuwa Mflamand mmoja mzee, wa wale Wabelgiji wanaosema Kiholanzi, Jef, aliyenuka kiko hata siku ambazo hakuvuta. Enzi zake meza ya sauti ilikuwa ya chuma, na swichi zake zilipiga kelele kama mlango wa kabati. Siku hizi ni kioo cha kugusa, na saa ndogo inajihesabia yenyewe. Lakini mambo aliyonifundisha Jef hayamo ndani ya mashine. Glasi ya maji iwe mbali na mikro, maana mzungumzaji akikasirika hupiga meza. Anayepaza sauti mpunguzie, anayenong'ona mwongezee, wote waonekane wastaarabu. Na kubwa kuliko yote: usimkate mtu katikati ya neno. Ngoja avute pumzi, kata hapo. Jef alisema ukikata kwenye pumzi, mtu hatajua amekatwa na wewe au na mapafu yake.

Mwezi wangu wa kwanza nilisahau kuzima mikro ya mwenyekiti wakati anafyonza pipi. Baraza zima lilisikiliza pipi ile kwa makini kuliko walivyokuwa wakisikilizana. Kila ilipohamia shavu la pili, watu waliinua vichwa. Jef alinitazama kwa huruma, akaniambia hiyo ndiyo hotuba bora ya mwenyekiti tangu achaguliwe.

Sasa najua swali lenu, maana mnaniuliza kila mara huku macho yanawaka. Tonton, hukuwahi kusikia matusi, mikro ikiwa imesahaulika wazi? Mnataka nisimulie mheshimiwa aliyedhani yuko peke yake akatuita nyani. Samahani, sina. Mabaya yote niliyoyasikia kuhusu watu kama sisi yalisemwa taa nyekundu ya mikro ikiwaka, kwa nafasi iliyoombwa na kutolewa, yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na msemaji akashukuru mwishoni. Mkiingia kazi hii jifunzeni hilo mapema. Mwenye hasira huegemea nyuma kwenye kiti, mikro haimpati vizuri. Mwenye neno baya kweli hujisogeza mbele, hushusha sauti, hutabasamu, na sauti yake huwa safi kabisa, haihitaji kurekebishwa.

Na neno Kongo likiingia ukumbini, bon, hapo nilikuwa najua tutachelewa. Kuna mwaka walibishana juu ya jina la mtaa wa kapteni fulani wa koloni. Upande mmoja walisema tuliwajengea barabara na hospitali, na sasa wajukuu wao wanakuja kututukania babu zetu. Upande wa pili, wale wa chama cha kitaifa cha Kiflamand, walisema Kongo ilikuwa biashara ya ikulu ya mfalme na mabwana wanaosema Kifaransa, babu zetu sisi walikuwa wanachimba viazi, msitutie katika dhambi zenu wala katika sifa zenu. Wakarushiana Kongo kama mpira, huyu anapiga kichwa, yule anapiga kisigino. Katika ukumbi ule Mkongomani alikuwa mmoja, na alikuwa nyuma ya kioo. Mapumziko yalipofika, mmoja wa wapiga kisigino alifungua mlango wangu akaniuliza kahawa iko wapi.

Nilimwonyesha. Kahawa ilikuwa kulia.

Haya, sasa niwaeleze la Maman Albertine, ndilo nililotaka, mengine ni kupasha moto meza.

Maman Albertine wengi wenu mnamjua, ni yule wa kwaya, sauti ya alto, anayewakazia macho mkitafuna kanisani. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta katika jeshi la koloni. Waliletwa huku na bendi yao, wamevaa sare na kofia nyekundu, kupigia maonyesho ya wazungu. Bendi ilirudi Katanga, yeye hakurudi. Kifua kilimshika, akafia hospitali, akazikwa na commune katika ardhi ya bure. Albertine alikuwa bado ananyonya. Alikua, akaja Ulaya, akauguza wazee wa watu miaka mingi, na alipostaafu ndipo akalipata kaburi: msalaba wa saruji, jina limeandikwa vibaya, lakini ni lake.

Huku kwao, watoto, kaburi lina muda. Wasiojua wajue. Ardhi ya bure hutolewa kwa kipindi, kipindi kikiisha wanabandika tangazo kwenye msalaba, wanangoja mwaka mmoja, kisha wanafukua. Mifupa inakwenda kwenye shimo la pamoja, wanaita ossuaire. Wanaofukuliwa ni Wabelgiji pia, hilo niliseme, sheria haikumtafuta yeye. Isipokuwa kuna sehemu moja isiyoguswa: nyasi za heshima, palipolazwa askari waliotumikia nchi. Pale hakuna muda. Na miongoni mwa waliolala pale wamo wakubwa wazungu wa jeshi lile lile la koloni, mmoja wao jiwe lake limechongwa mtende.

Siku alipokuta tangazo kwenye msalaba wa baba yake, Albertine alikuja kwangu. Alijua kwamba commune humruhusu mkaaji yeyote kusimama mbele ya baraza na kuuliza jambo, dakika tatu, kwa Kifaransa au Kiflamand. Alitaka baba yake ahamishiwe kwenye nyasi za heshima. Watoto wa Albertine walikuwa tayari kumnunulia babu yao kaburi la kulipia pale pale, mambo yaishe. Hakutaka kusikia.

"Mutu analetwa na serikali, na uniforme ya serikali, njo mimi mutoto wake nimulipie loyer, kodi ya kaburi?" alisema. "Tonton, hapana. Bamuweke kwenye batu ba kazi yake."

Tukafanya mazoezi sebuleni kwangu. Mimi na kandambili zangu nilikuwa mwenyekiti, Béatrice alikuwa upinzani, na upinzani aliuweza sana, ana uzoefu wa ndoa. Nilimwambia Maman Albertine: ukisimama, usianze kama kwetu. Kwetu ukipeleka neno la marehemu unasema wewe ni mtoto wa nani, umetoka wapi, umesindikizwa na nani, unawaamkia wenye nyumba, unawauliza na wao habari za misiba yao. Hapa ukifanya hivyo utakuwa bado unaamkia, taa imezima. Anza na baba yako. Akaitika. Akasema vizuri, mara ya kwanza, mara ya pili, muda ukabaki. Béatrice alifuta macho kwa aproni, na yeye ndiye alikuwa upinzani.

Siku ya kikao ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Niko nyuma ya kioo, Maman Albertine yuko kwenye viti vya wageni, kitambaa kichwani, mkoba magotini. Mwenyekiti anafungua kikao, anasema kwa huzuni kwamba diwani wao mmoja wa zamani amefariki wiki ile, anaomba wote wasimame kimya. Wakasimama. Na Maman Albertine akasimama. Nilimwona uso wake ukibadilika, na nikajua tumekwisha.

Alipoitwa, nikawasha mikro. Alitazama ukumbi, akasema kwa Kifaransa chake cha hospitali: "Mheshimiwa mwenyekiti, kabla ya langu, poleni sana kwa msiba."

Angeweza kufanya nini? Umeingia nyumba ya watu, umekuta wana matanga, utaanza vipi na maiti yako? Akauliza kama marehemu aliugua muda mrefu. Mwenyekiti hakuwa na kanuni ya kujibu swali hilo, akajibu kama binadamu, kwamba ndiyo, aliugua. Akauliza kama ameacha watoto. Binti mmoja. Akasema amfikishie binti yule pole, amwambie kufiwa na baba si jambo la kuzoeleka hata ukiwa mzee, yeye anajua. Baadhi ya madiwani waliinamisha vichwa. Mmoja alichezea simu. Saa kwenye kioo changu ilikuwa inakimbia, na taa ya mikro ikaanza kupepesa.

Hapo ndipo akafika kwa baba yake. Mwenyekiti ameshainua kidole, ndiyo ishara yangu. Nami nikangoja pumzi, kama Jef alivyonifundisha. Lakini huyu ni mwanamke wa alto, amebeba zaburi miaka arobaini. Pumzi haikuja. Kwa mkupuo mmoja alisema baba yangu anaitwa Kabwe Ilunga, mpiga tarumbeta, alivaa sare yenu, alipigia bendera yenu, alikufa kwa baridi yenu, amelala kwenu muda mrefu kuliko alivyoishi, na mkubwa wake amelala juu pale kwenye nyasi na hakuna anayemwamsha, nawaomba na yeye msimwamshe. Kisha akavuta pumzi. Nikakata.

Mnanitazama vibaya. Nakuona hata wewe uliyeacha kutafuna biskuti. Mwenyekiti ana swichi yake mwenyewe, kwa taarifa yako, na yeye hangojei pumzi; angemkata katikati ya jina la baba yake. Basi nilikata mimi. Midomo ya Maman Albertine iliendelea kidogo, bila sauti, kisha akajua, akakaa.

Alijibiwa na échevin, yaani diwani mwenye idara, huyu yake ilikuwa makaburi. Mtu mpole. Alianza kwa kumsifu Kifaransa chake. Akasema kwamba kanuni ni moja kwa wote bila kujali asili, hakuna anayebaguliwa, na Madame ana haki kamili ya kununua kaburi la kulipia kama raia mwingine yeyote. Alisema "haki kamili" mara mbili, vizuri, karibu na mikro.

Diwani mmoja mwenye bendera ndogo ya Ubelgiji kwenye koti akaomba nafasi. Alisema anaguswa na binti huyu, binti mwenyewe ana wajukuu, lakini nyasi za heshima ni za waliokufa kwa ajili ya taifa, na askari wa kienyeji, kwa heshima zote, alilishwa, alivishwa viatu, alilipwa, alitumikia, hakujitoa. Akauliza kama kuna hati inayoonyesha marehemu alikuwa Mbelgiji. Akasema tukimfungulia mmoja leo, kesho watapanga foleni.

Sikilizeni vizuri hapo. Wakati baba wa Albertine anapuliza tarumbeta, watu wa diwani huyu walisema Kongo ni Ubelgiji. Mtu mwenyewe hakuwa Mbelgiji wa kutosha kuingia mkahawa wa wazungu mjini kwao. Sasa amekufa, wamemkagua tena, bado hajatosha.

Kisha akaja diwani kijana wa chama cha kitaifa cha Kiflamand, mwanamke msomi, sauti nzuri, sikugusa chochote. Nilidhani, mimi mjinga, kwamba huyu akimchukia yule wa bendera basi ataegemea upande wetu. Alisema koloni ile haikuwa ya watu wake. Alisema babu wa babu zake walikufa kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakiamriwa kwa lugha wasiyoielewa, na hakuna aliyewaomba radhi. Alisema hatapigia kura heshima yoyote kwenye nyasi zile, kwa mweupe wala mweusi, maana taifa linaloheshimiwa pale si lake. Watu wake walimpigia makofi.

Basi, mmoja alikataa kwa sababu anaipenda Ubelgiji mno, mwingine kwa sababu haitaki kabisa. Wakati wa kura mikono yao ilipanda pamoja, kwa mara ya kwanza tangu niwajue. Walioafiki walikuwa wachache, na mmoja wao nadhani alikosea. Jambo lililofuata lilikuwa taa za Noeli za barabara kuu. Hilo walipitisha wote, bila mjadala, wakiwa wameshaanza kuvaa makoti.

Kwenye korido yule diwani kijana alimfuata Maman Albertine akamshika mkono. Nilikuwa natoka kwenye choo changu cha treni, nikasikia. Alisema si jambo binafsi, anatumaini Madame anaelewa. Maman Albertine hakuutoa mkono wake. Alimuuliza hao babu waliokufa kwenye mahandaki wamelala wapi. Yule binti akasema kule Flandre ya magharibi, makaburi meupe yamepangwa vizuri, serikali inayatunza.

"Asante Mungu," akasema Maman Albertine. "Hawasumbuliwi."

Sidhani alimtania. Mimi ningetania. Yeye alikuwa anafurahi kweli, na binti yule akawa mwekundu, akatazama viatu, akaondoka.

Februari watu wa commune wakapiga simu kwamba wanafukua. Nilikuwa nimeshastaafu, nimejipanga na blanketi. Maman Albertine akasema, "Tonton, weye mutu wa nyumba, toka." Nikatoka. Tope lilikuwa hadi kifundo. Watoto wake walikuwa kazini, au walishindwa, sikuuliza. Tulikuwa sisi wawili na mtu wa makaburi, bwana mnene mwenye kofia ya sufu, asiyependa maneno. Mashine ilikuwa imeshachimba; sehemu ya mwisho alichimba kwa mkono.

Hakikubaki kingi. Udongo wa huku ni mzito, unakula. Vipande vya mifupa, na soli za viatu. Viatu ni kweli walimvisha, diwani hakudanganya. Yule bwana alivikusanya polepole, akavitia katika mfuko wa kitambaa, akaufunga, akasema yeye ndiye anayeupeleka ossuaire, kanuni haziruhusu familia kushika. Maman Albertine alinyoosha mikono tu, kama mtu anayengoja kupokezwa mtoto. Bwana yule alitazama kulia, akatazama kushoto. Akampa.

Njia ya kwenda ossuaire inazunguka ukuta wa makaburi. Ipo nyingine ya mkato, inayopita katikati ya nyasi za heshima. Yule bwana alitangulia, akashika ya mkato. Sijui kwa nini, labda baridi. Sisi nyuma. Nyasi zilikuwa zimekatwa fupi, mawe yamepangwa kama meno, ule mtende wa kuchonga upo mstari wa pili. Tulipofika karibu nao Maman Albertine alisimama.

"Mimi nimechoka," alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida.

Akainama. Goti lile linamsumbua, mnajua, lakini aliinama hadi chini, akaulaza mfuko kwenye nyasi, akakinyoosha kitambaa pande zote kama anayetandika. Kisha akakaa kando yake, kwenye nyasi zile zilizolowa, na koti lake la kanisani. Nikakaa na mimi. Nilisikia baridi ikipanda mgongoni na sikuwa na hamu ya kwenda nyumbani, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Yule bwana aligeuka, akatuona. Akatoa sigara, akatugeuzia mgongo, akaiwasha akiwa anatazama ukuta.

"Bon," Maman Albertine akauambia ule mfuko. "Papa, lala kidogo."

Upepo ulikuwa unaleta harufu ya tumbaku. Yule bwana alivuta taratibu sana, nikaona anaiachia hata majivu yadondoke yenyewe, akaivuta mpaka pale inapounguza vidole. Alipoizima kwa kiatu, Maman Albertine alinipa mkono nimwinue, tukaupeleka mfuko ulikokuwa unakwenda.